Bibi wa Kopa

Karata zetu ni hamsini na moja na kipande.
Kipande chenyewe ni boksi la majani ya chai,
nililikata kwa mkasi wa kucha, pembe zikapinda,
siku Bibi wa Kopa alipotumbukia kwenye ndoo ya kufulia
akatoka hana uso.

Zawena akamchora upya kwa kalamu ya bluu:
kilemba, macho mawili yasiyolingana,
na mkononi, badala ya ua, mkate.
"Huyu mama," akasema.
Kalamu nyekundu haikuwepo. Kopa yake ni ya bluu.

Tunacheza mkekani, Tandika, nyuma ya soko,
saa mbili usiku, mama yake akishatoka
kwenda Keko kukanda mikate ya watu waliolala.
LUKU inalia ukutani kama kifaranga,
zimebaki uniti nne, feni tumeizima,
tunajipepea kwa karata zetu wenyewe,
na hapo ndipo mtu anapochungulia za mwenzake.

Ana miaka sita. Kiganja chake hakitoshi karata saba;
anazibana kifuani kwa kidevu,
mbili zinadondoka, nami natazama dari
kwa adabu, kama mpita njia
aliyekuta mlango wa bafu la uani uko wazi.

Sheria zinazaliwa papo hapo.
Mbili unalamba mbili, ila kama jino linauma.
Ghulamu ni mjomba Hatibu, akija haondoki,
kwa hiyo akitupwa unaruka zamu
mpaka amalize chai.
Mfalme wa Kopa ana kisu kichwani
kwa sababu kinyozi alikuwa anaongea na simu.
Nabisha. Nasema mchezo una taratibu zake.
Ananitazama kama karani wa ofisi ya kata
niliyemfikia saa tisa na nusu:
"Baba, wewe cheza."

Lakini Bibi wa boksi la chai, huyo hamtupi.
Mgongoni ana maandishi ya kijani, *gramu mia*,
aliyemshika anajulikana na nyumba nzima.
Karata ni kuficha,
na sisi tuna moja isiyofichika.

Akimpata, basi, amejifunga.
Chini imelala kopa, mkononi kabaki na kopa hiyo tu,
angeshinda. Anameza mate. Analamba.
Analamba tena. Garasa. Garasa jingine.
Mkono unafura kama daftari lililolowa,
na mimi nabakiza moja, nasema "lasti kadi"
kwa sauti ya mwizi anayeomba radhi.

Usiku mmoja nikamwambia: mtupe tu, mwanangu,
tutachanganya, atatoka tena.
Akafikiri. Akajikuna goti.
"Na akitoka kwako?"

Tangu siku hiyo, nikigawa,
naviziavizia ule mgongo wa kijani
nahakikisha unamwangukia yeye.
Ndiyo hila yangu pekee katika mchezo huu,
na kila siku inanishindisha.

Saa kumi na moja alfajiri komeo linalia.
Hamira inaingia kwanza, kisha yeye,
unga kwenye nyusi, viatu mkononi.
Anamkuta binti kalala hapo hapo mkekani
kakumbatia karata nane, jasho limezigandisha.
Anapiga magoti, anajaribu kuzibandua
moja moja, polepole, kama plasta.

Zawena hafumbui macho.
Anapapasa, anachomoa ile ya boksi,
anaitupa mkekani, kopa ya bluu juu.
"Nimemaliza," anasema.

Bado ana saba.
Tunatazamana, mimi na mama yake.
Hakuna anayebisha.